Kuchagua harmoniamu ya Kihindi

Harmoniamu ya Kihindi ni ala ya muziki yenye vibonyezo kama vya piano, ambayo hutoa sauti kwa hewa inayosukumwa na mivukuto kupitia ndimi ndogo za madini. Mpigaji huketi chini, huvukuta kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mkono mwingine. Ala hii hutumika sana kusindikiza waimbaji nchini India, Pakistan na Bangladesh, pamoja na jamii za watu wenye asili ya nchi hizo popote zilipo duniani.

Kuchagua harmoniamu ni tofauti na kuchagua piano au kinanda cha umeme. Katika muziki wa Kihindi sauti ya msingi haikuwekwa moja kwa watu wote, bali kila mwimbaji ana yake kulingana na koo lake. Ala isiyomfaa humlazimisha kuimba juu mno au chini mno, au humlazimisha mpigaji kutumia vidole kwa namna asiyoizoea. Zaidi ya hayo, idadi ya vibonyezo, idadi ya safu za ndimi na aina ya mivukuto haviwezi kubadilishwa kwa urahisi baada ya ala kununuliwa. Kwa sababu hizo mnunuzi anahitaji kuelewa muundo wa ala kabla ya kutazama bei au urembo wake.

Historia

Harmoniamu asili yake ni Ulaya. Alexandre Debain, fundi wa Paris, Ufaransa, ndiye aliyeipa jina hilo na kupata hataza yake mwanzoni mwa miaka ya 1840. Ala hiyo ilikuwa kubwa kama meza, na mpigaji aliketi juu ya kiti akivukuta kwa miguu. Wamisionari na maofisa wa Kiingereza waliipeleka India katika karne ya 19, ambako ilitumika makanisani na majumbani.

Wahindi wengi walizoea kupiga muziki wakiwa wameketi sakafuni, hivyo ala ya miguu haikuwafaa. Dwarkanath Ghose, fundi na mfanyabiashara wa Kolkata aliyeanzisha kampuni ya Dwarkin mwaka 1875, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni harmoniamu ya kuvukuta kwa mkono. Mivukuto iliwekwa nyuma ya sanduku, nayo ala ikawa ndogo, nyepesi na rahisi kutengeneza. Ala ya miguu iliendelea kutumika kwa muda katika tamthilia za muziki, hasa za lugha ya Kimarathi, ambako Govindrao Tembe (1881–1955) alijulikana kama mpigaji hodari.

Harmoniamu ilipingwa pia. Wakosoaji walisema kwamba haiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama koo la binadamu au ala ya sarangi, na kwamba sauti zake zimepangwa kwa mfumo wa Ulaya usiolingana na raga. Mshairi Rabindranath Tagore alikuwa miongoni mwa walioikataa. Mwaka 1940 redio ya serikali, All India Radio, iliipiga marufuku katika matangazo yake, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1971 ilipoanza kuruhusiwa tena kwa masharti. Hata hivyo, nje ya redio watu hawakuacha kuitumia. Mwaka 2006 Mehmood Dholpuri alipewa nishani ya Padma Shri na serikali ya India, akiwa mpigaji harmoniamu wa kwanza kupata heshima hiyo. Mjadala kuhusu ulinganifu wa sauti zake haujakwisha, nao unamhusu moja kwa moja mtu anayechagua ala, kama inavyoelezwa chini.

Muundo

Harmoniamu ni sanduku la mbao lenye sehemu kuu nne: mivukuto, ubao wa ndimi, vibonyezo na vishikio.

Mivukuto iko miwili. Wa nje, ulio nyuma, ndio unaoshikwa na mkono. Huingiza hewa katika mvukuto wa ndani ulio chini ya sanduku, ambao huitunza na kuisukuma juu kwa nguvu ya springi. Mvukuto huo wa ndani ndio unaoifanya sauti isikatike mkono unaporudi nyuma.

Ndimi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Kila ulimi umefungwa upande mmoja juu ya tundu jembamba, na upande wa pili uko huru. Hewa ikipita ulimi hutetemeka na kutoa sauti yake moja tu. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito na ulimi mfupi hutoa sauti nyembamba. Kibonyezo hakiupigi ulimi, bali hufungua tundu ili hewa ipite.

Vishikio viko mbele ya ala. Baadhi yake hufungua njia za hewa kwenda kwenye safu za ndimi, na vingine hufungua sauti za kudumu, yaani sauti zinazoendelea kulia bila kubonyezwa.

Sa ya mwimbaji

Sauti saba za muziki wa Kihindi huitwa Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni. Sa ndiyo sauti ya msingi, na inaweza kuwekwa kwenye kibonyezo chochote. Waimbaji wengi wa kiume huiweka kati ya C na D, na waimbaji wengi wa kike kati ya G na A kreshi, ingawa kila mtu ana koo lake.

Wanamuziki wa kaskazini mwa India huhesabu vibonyezo kwa rangi kuanzia C. Vibonyezo vyeusi vya oktava moja huitwa kali 1 hadi kali 5, na vyeupe huitwa safed 1 hadi safed 7. Mwimbaji anayesema kwamba anaimba kwa kali 1 ana maana kwamba Sa yake ni C kreshi. Anayeimba kwa kali 4 ana Sa ya G kreshi. Jambo la kwanza analotakiwa kulijua mnunuzi ni Sa ya mtu atakayeimba na ala hiyo. Asiyeijua Sa yake huitafuta kwa msaada wa mwalimu: huimba kutoka Pa ya oktava ya chini hadi Pa ya oktava ya juu, na mahali ambapo pande zote mbili zinafikika bila kukaza koo ndipo Sa yake ilipo.

Idadi ya vibonyezo

Ala nyingi zina vibonyezo 37, 39 au 42. Ala ya vibonyezo 37 ina oktava tatu kamili, ya 39 hutajwa kuwa na oktava tatu na robo, na ya 42 oktava tatu na nusu.

Kutoka Pa ya chini hadi Pa ya juu ni oktava mbili, yaani vibonyezo 25. Kwa ala ya vibonyezo 37 inayoanza na C, mwanamume mwenye Sa ya C kreshi iliyo katika oktava ya kati hutumia kibonyezo cha 9 hadi cha 33. Mwanamke mwenye Sa ya G kreshi iliyo chini zaidi katika ala hiyo hutumia kibonyezo cha 4 hadi cha 28. Wote wawili wanaenea. Kwa hiyo anayeanza kujifunza hahitaji kulipa zaidi kwa ajili ya vibonyezo 42, isipokuwa kama anataka kupiga peke yake bila mwimbaji, au ala ina kihamisha skeli ambacho hupunguza vibonyezo vinavyotumika upande mmoja.

Safu za ndimi

Kila kibonyezo kinaweza kufungua ulimi mmoja, miwili au mitatu. Safu za ndimi hutajwa kwa majina matatu: kharaj, yaani besi, ambayo ni nzito kuliko zote, nar, yaani dume, ambayo ni ya kati, na mada, yaani jike, ambayo iko oktava moja juu ya dume.

Ala ya safu moja ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini sauti yake ni dhaifu. Ala ya safu mbili ndiyo inayopendekezwa kwa wengi. Ikiwa ni besi na dume, sauti huwa nene na tulivu, nayo hufaa kumsindikiza mwimbaji wa khayali au ghazali. Ikiwa ni dume na jike, sauti huwa kali na hupenya kelele za ngoma na makofi. Ala ya safu tatu huunganisha sifa hizo, na hupendwa katika kawali na katika mikusanyiko mikubwa.

Kila safu inayoongezwa hula hewa. Ala ya vibonyezo 39 yenye safu mbili ina ndimi 78, na yenye safu tatu ina ndimi 117. Ala ya safu tatu huhitaji mivukuto mikubwa na mkono uliozoea, na kazi ya kuilinganisha sauti huongezeka kwa kiasi hichohicho.

Ulinganifu wa sauti

Hili ndilo suala lililosababisha ubishi tangu zamani. Piano hulinganishwa kwa kuigawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa. Nusu toni moja huhesabiwa kuwa senti 100, na oktava nzima senti 1200. Mfumo huo unaruhusu kuanza wimbo kwenye kibonyezo chochote, lakini sauti nyingi hukosea kidogo zikilinganishwa na zile za asili ambazo sikio huzipata kwa kufuata tanpura.

Kwa mfano, Ga ya asili iko senti 386 juu ya Sa, lakini kwenye piano iko senti 400. Dha ya asili iko senti 884, na ya piano senti 900. Pa hutofautiana kwa senti 2 tu, tofauti ambayo wengi hawaisikii. Mwimbaji anayeshikilia Ga kwa muda mrefu huku tanpura ikilia atasikia harmoniamu ya mfumo wa piano ikimvuta juu.

Mnunuzi ana njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua ala iliyolinganishwa kama piano, ambayo ndiyo ya kawaida madukani. Inafaa shule, nyimbo za ibada, nyimbo za filamu, na kikundi kinachochanganya ala za Ulaya kama gitaa. Njia ya pili ni kumwomba fundi ailinganishe kwa sauti za asili kufuata Sa moja. Inamfaa mwimbaji wa raga ambaye Sa yake haibadiliki, lakini ala hiyo itasikika vibaya kwa mtu mwenye Sa nyingine. Njia ya tatu ni ala maalumu, kama ile ya shruti 22 iliyobuniwa na Vidyadhar Oke, ambayo humwezesha mpigaji kuchagua kati ya vimo viwili vinavyokaribiana vya sauti moja. Ala za namna hiyo ni chache, na matengenezo yake yanahitaji fundi anayezifahamu.

Kihamisha skeli

Kihamisha skeli ni mtambo unaowezesha safu nzima ya vibonyezo kusogezwa kushoto au kulia juu ya ndimi. Mpigaji aliyezoea kupiga Sa kwenye C anaweza kusogeza vibonyezo nafasi moja, na kibonyezo kilekile kikatoa C kreshi. Vidole havibadilishi mwendo, na mwimbaji anapata Sa yake. Ala hutajwa kwa idadi ya nafasi zake, kama vile skeli 9, 11 au 13.

Mtambo huu unamfaa msindikizaji anayefanya kazi na waimbaji wengi, na kiongozi wa kwaya ya hekaluni. Una hasara zake pia. Ala huwa nzito na ghali, sehemu zinazosogea huongeza mianya ya kuvuja hewa, na kibonyezo kisipokaa sawasawa juu ya tundu lake sauti huwa ya mashaka. Tena, kihamisha skeli hakipatani na ulinganifu wa asili. Ndimi hubaki zilivyo wakati vibonyezo vinahama, kwa hiyo ala iliyolinganishwa kwa Sa ya C haitakuwa sahihi Sa ikihamia D. Mwenye kutaka kihamisha skeli hana budi kukubali mfumo wa piano.

Walimu wengi hawapendi mwanafunzi aanze na kihamisha skeli. Mwanafunzi anayejifunza kupiga Sa kutoka vibonyezo mbalimbali hupata uwezo utakaomsaidia kwenye ala yoyote, na anayetegemea mtambo hukwama anapopewa ala isiyo nao.

Kapla, sauti za kudumu na umbo

Kapla ni mtambo unaobonyeza kibonyezo cha oktava ya chini kila mpigaji anapobonyeza kibonyezo kimoja. Sauti huongezeka bila kuongeza safu ya ndimi, lakini kibonyezo huwa kizito. Ni muhimu kapla iweze kufungwa na kufunguliwa wakati wa kupiga.

Sauti za kudumu hutolewa na ndimi chache za pembeni. Ikiwa hazimo kwenye Sa au Pa ya mwimbaji hazina kazi, na siku hizi wengi hutumia tanpura ya umeme au programu ya simu badala yake.

Kwa umbo, kuna ala ya sanduku la kawaida na ala ya kukunja ambayo hushuka na kufungwa kama sanduku la safari. Ya kukunja inamfaa msafiri. Ya kawaida ina viungo vichache vya kulegea, na bei yake huwa nafuu kwa ubora uleule. Mbao ya msaji hupendwa kwa sababu haipindi upesi kwa unyevu. Mbao nyepesi kama ya msonobari hupunguza uzito na bei, lakini isipokaushwa vizuri hupasuka.

Ndimi hutofautiana kwa asili yake. Mji wa Palitana katika jimbo la Gujarat una sifa ya muda mrefu kwa ndimi zake. Ndimi za zamani kutoka Ujerumani, zilizotolewa katika ala za miguu, bado hutafutwa. Hata hivyo jina la ndimi pekee si uthibitisho, kwa kuwa muuzaji anaweza kulitaja bila ushahidi. Sikio ndilo la kuamua.

Ukaguzi kabla ya kununua

Ala mbili za modeli moja kutoka kwa fundi mmoja huweza kutofautiana, kwa sababu kazi nyingi hufanywa kwa mkono. Mnunuzi asiyejua kupiga anashauriwa kwenda na mtu anayejua. Ukaguzi wa kawaida hufuata hatua hizi:

1. Hewa. Vishikio vyote hufungwa na mivukuto hujazwa. Ala nzuri hushikilia hewa. Mvukuto ukishuka upesi kuna mahali panapovuja.
2. Ukimya. Vishikio hufunguliwa na hewa hujazwa bila kubonyeza chochote. Sauti yoyote ikisikika, kuna kibonyezo kisichofunga.
3. Kila ulimi peke yake. Kila safu hufunguliwa kwa zamu, na vibonyezo vyote hupigwa kimoja kimoja. Ulimi mzuri huitika mara moja hata kwa hewa kidogo, bila mkwaruzo.
4. Safu kwa pamoja. Safu mbili zikifunguliwa, sauti isiwe na mawimbi. Ndimi mbili za sauti moja zikitofautiana, kwa mfano mitetemo 440 na 442 kwa sekunde, sikio husikia mawimbi mawili kila sekunde.
5. Kimo cha sauti. Ala hulinganishwa na programu ya simu au tanpura. Hili ni la lazima kwa atakayepiga pamoja na ala nyingine.
6. Vibonyezo. Viwe na kimo kimoja, nafasi sawa na uzito sawa, na visigongane.
7. Mkono wa mvukuto. Usogee kwa urahisi bila kelele.

Uchaguzi kwa matumizi

Anayeanza kujifunza hutoshelezwa na ala ya safu mbili, vibonyezo 37 au 39, isiyo na kapla wala kihamisha skeli. Fedha inayobaki ni afadhali itumike kupata ndimi bora. Msindikizaji wa mpiga tabla au mcheza ngoma ya kathak hurudiarudia wimbo mfupi ili kushika mzunguko wa mapigo, kwa hiyo anahitaji vibonyezo vyepesi na sauti inayoitika upesi. Waimbaji wa kawali, kama kundi la Nusrat Fateh Ali Khan (1948–1997) lililotumia harmoniamu mbili, wanahitaji sauti kubwa. Kwa kirtani za Masingasinga hutafutwa sauti nene na tulivu, ingawa mwaka 2022 uongozi wa Akal Takht ulitaka harmoniamu iondolewe hatua kwa hatua katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar ili ala za nyuzi za zamani zirudi.

Ala iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ileile, mradi mbao na mivukuto ni mizima. Ndimi zilizopoteza kimo hurekebishwa: fundi hukwangua ncha ya ulimi ili kupandisha sauti, na hukwangua karibu na mzizi ili kuishusha. Mbao iliyoliwa na wadudu haifai kununuliwa.

Utunzaji

Maadui wa harmoniamu ni unyevu, vumbi, jua kali na panya. Unyevu huvimbisha mbao na kunasisha vibonyezo, na huozesha ngozi na vitambaa vinavyozuia hewa. Ala hufunikwa baada ya kutumiwa, huwekwa juu ya sakafu mahali pakavu, na hupigwa mara kwa mara. Mvukuto usivutwe kwa nguvu wakati vishikio vimefungwa, kwa kuwa mishono huachia. Mtu asiye fundi hashauriwi kugusa ndimi, kwani madini yaliyokwanguliwa hayarudi.

Afrika ya Mashariki

Harmoniamu ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na wahamiaji kutoka India, na bado hupigwa katika mahekalu na gurudwara za miji kama Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Iliingia pia katika taarabu ya pwani, hasa ya Mombasa, ambako Juma Bhalo alipata umaarufu kwa nyimbo za Kiswahili zenye lahani za Kihindi. Katika hali ya hewa ya pwani, mnunuzi ana sababu zaidi ya kupendelea mbao ya msaji na mtambo usio na sehemu nyingi, kwa sababu chumvi na unyevu huharibu springi na viungo mapema. Mafundi wa ndimi si wengi, hivyo ni vizuri kujua nani ataitengeneza ala kabla ya kuiagiza kutoka ng'ambo.